Mjue Nondo wa Kabichi Kabla Hujashika Bomba la Dawa

Wenzetu wa kutoka Tanzania nawaomba wasifunge ukurasa wakiona neno nondo. Sizungumzii vile vyuma vya kujengea, wala zile nondo mnazoshusha kwenye mijadala yetu mkitaka kushinda. Nazungumzia mdudu, yule anayefanana na kipepeo lakini hutoka jioni na kuzunguka taa. Hili ni somo fupi la kumtambua nondo mmoja mdogo. Ukikaa London wakati wa joto na una hata ndoo moja ya mboga nje ya mlango, kuna uwezekano mkubwa utamwona. Pia nitaeleza jinsi kumtambua kulivyonifanya nikatae kutuma pesa nyumbani, na kila mmoja wetu anajua jambo hilo lilivyo gumu.

Niseme mapema kwamba mimi si mtaalamu wa wadudu. Nasoma uhasibu, tena nimerudi shule nikiwa mtu mzima. Haya nimeyapata kwa kusoma na kwa kuinama bustanini na tochi huku majirani wakinichungulia dirishani.

Mambo yalianza Juni mwaka jana. Nyumba tunayokodi watu watano kule Lewisham ina bustani nyuma, ndogo kiasi kwamba ukitandika mikeka minne imejaa. Wenzangu waliniachia kona moja, nikapanda kale, ile mboga ya majani yaliyojikunja ambayo huku inauzwa kwenye mifuko ya plastiki kwa bei ya kushangaza. Si sukuma wiki kamili, lakini ni ndugu wa damu. Ukiikata nyembamba ukaikaanga na kitunguu na nyanya, ugali hauoni tofauti.

Jioni moja nilikuwa namwagilia maji. Kila nikigusa mche, kidudu cha kijivu kinaruka, kinakwenda kwa kupindapinda hatua mbili tatu, kinatua kwenye jani jingine. Sikukitilia maanani. Usiku uleule mdogo wangu akanipigia simu kutoka nyumbani, Taita. Hakuzunguka.

"Kaka, wale nondo wamerudi kwa kabichi za mama. Majani yameisha. Kuna dawa mpya Wundanyi, kali sana, mwenye duka anasema hiyo ndiyo inamaliza. Tuma elfu nne."

Kabichi za mama si mapambo. Ndizo zilizonisomesha mimi, na sasa zinamsomesha kitinda mimba wetu aliye sekondari. Zikiharibika, mtoto anarudishwa nyumbani kwa karo. Elfu nne za Kenya ni pauni ishirini na kitu, ningeweza kutuma palepale nikalala. Lakini swali moja lilinikaa kichwani: nondo gani? Mimi niliyekulia kwenye shamba hilo sikuwa na jibu. Na yule kidudu aliyekuwa akiruka kwenye kale yangu, ni nani?

MWANGALIE AKIWA AMETUA

Kosa la kwanza la sisi tunaoanza ni kutaka kumtambua nondo akiwa anaruka. Huwezi. Msubiri atue, kisha mfunike na glasi na upitishe karatasi ngumu chini yake. Kama anahangaika, muweke kwenye friji dakika chache ndani ya kichupa. Baridi itamtuliza bila kumuua. Halafu mpige picha na simu kwa karibu, au tumia lenzi ya kukuza, na utafute ishara tano:

1. Ukubwa. Akiwa amefunga mabawa ana urefu wa milimita 8 au 9 hivi, yaani kama punje ya mchele wa pishori. Akiyafungua, kutoka ncha hadi ncha ni kama milimita 13 hadi 18.

2. Umbo. Ni mwembamba. Mabawa yake hayalali wazi kama ya kipepeo, bali yamefungwa juu ya mgongo kama paa la nyumba.

3. Almasi mgongoni. Mabawa ya mbele ni ya kijivu na kahawia, na ukingo wake wa nyuma una mkanda mweupe au wa rangi ya maziwa wenye mawimbi. Mabawa mawili yanapokutana, mawimbi ya upande huu na ya upande ule yanaungana na kuchora almasi zilizopangana katikati ya mgongo. Hiyo ndiyo asili ya jina lake la Kiingereza, na kwa Kiswahili tunaweza kumwita nondo wa mgongo wa almasi. Majike mara nyingi wamefifia kuliko madume.

4. Vipapasio. Akitulia huvinyoosha mbele ya kichwa kama mtu anayetembea gizani na mikono mbele. Nondo wengi wengine wadogo huvilaza nyuma, juu ya mabawa.

5. Ncha za mabawa. Ukimtazama kwa ubavu utaona nyuma zimeinuka kidogo kama mkia wa jogoo.

Usitegemee ishara moja. Rangi ya nondo ni magamba madogo kama vumbi, nayo hupukutika kadiri anavyozeeka. Nondo aliyechoka hana almasi ya kuonekana, lakini vipapasio vyake bado vitaelekea mbele. Ukipata ya tatu, ya nne na ya tano pamoja, basi huyo ndiye. Jina lake la kisayansi ni Plutella xylostella, na aliyemwandika kwanza ni Linnaeus, mwaka 1758.

Mimi nilimpata kwa glasi ya chai usiku wa pili. Almasi zilikuwa wazi kabisa, kama zimechorwa kwa chaki.

USIMCHANGANYE NA HAWA

Uingereza ina aina 2,500 hivi za nondo, na wengi ni wadogo. Usiogope hesabu hiyo. Katika bustani ya London wanaoweza kukuchanganya na huyu wetu si wengi. Hawa wanne ndio nilioanza nao:

Nondo wa tufaha wa kahawia (Epiphyas postvittana). Huyu ni mgeni kutoka Australia. Alionekana Cornwall mwaka 1936 na sasa London amejaa. Akitua ana umbo la kengele: mabega mapana, mabawa yamelala bapa. Hana almasi. Viwavi vyake hukunja majani ya mimea ya kila aina na kuyashona kwa utando.

Nondo wa mnanaa (Pyrausta aurata). Ni mzuri, ana zambarau na doa la dhahabu, na huruka mchana kwenye mnanaa. Akitua ana umbo la pembetatu.

Nondo wa nyasi (Chrysoteuchia culmella). Ukikanyaga nyasi Juni au Julai anaruka na kutua tena hatua chache mbele. Ni mwembamba kama wetu, kwa hiyo watu wengi wanakosea hapa. Tazama uso: ana pua ndefu kama mdomo wa ndege, na mabawa ameyazungusha mwilini kama mtu aliyejifunga shuka.

Nondo wa nguo (Tineola bisselliella). Huyu si wa bustani, ni wa chumbani kwako. Ana rangi ya dhahabu isiyo na madoa na nywele za kutu kichwani. Hapendi mwanga, na ukimfumania hukimbia kwa miguu kuliko kuruka. Viwavi vyake hula sufu, manyoya na hariri. Kanga na vitenge vya pamba ni salama, lakini ile sweta ya sufu uliyonunua kwa mtumba iangalie. Mwenzangu mmoja nyumbani alikuwa tayari amelaumu mboga zangu kwa matundu ya koti lake. Nilimwekea nondo wawili kwenye vichupa viwili, mmoja wa kabatini na mmoja wa bustanini, akaona mwenyewe kwamba hawafanani hata kwa mbali. Kale yangu ikasalimika.

MTAFUTE MTOTO WAKE CHINI YA JANI

Nondo mzima hali jani. Hunywa maji ya maua tu, basi. Mharibifu ni mtoto wake. Kwa hiyo ukitaka uhakika, geuza jani.

Mayai ni madogo mno, ya manjano, moja moja au machache pamoja karibu na mishipa ya jani. Kiwavi akianguliwa huingia kwanza ndani ya jani lenyewe, baadaye hutoka na kula upande wa chini. Akiwa bado mdogo haachi tundu. Anakwangua nyama ya jani na kuacha ngozi ya juu, kama kidirisha cha nailoni. Ukiinua jani kwenye jua ukaona vidirisha, yupo au alikuwepo. Matundu kamili huja akikua.

Kiwavi aliyekomaa ni wa kijani, urefu wake kama milimita 12, amechongoka mbele na nyuma. Miguu yake ya mwisho imeachana kama herufi V. Kipimo kizuri kuliko vyote ni hiki: mguse na kijiti. Atajinyonga kwa fujo, atarudi kinyumenyume, na mara nyingi atajitupa kutoka kwenye jani akibaki ananing'inia kwa uzi wa hariri. Akiona umeondoka, anapanda uzi wake kurudi juu. Viwavi vya kipepeo mweupe, ambavyo London vimejaa kwenye kabichi, ni vikubwa zaidi na ukivigusa havifanyi vituko hivyo.

Mwisho hujifungia kwenye wavu mwembamba uliowazi kama kitambaa cha lesi, na ndani yake unaiona pupa: kwanza ya kijani, kisha kahawia, ncha zake zimechongoka. Shikeni neno hilo "zimechongoka", maana nitalirudia.

Kutoka yai hadi nondo mpya huchukua kama wiki mbili hadi nne, kutegemea joto. Hapo ndipo ubaya wake ulipo. Kwetu ambako hakuna theluji na kabichi hupandwa mwaka mzima, vizazi vinafuatana bila kupumzika.

Kitu kingine kitakachokusaidia ni mmea wenyewe. Huyu hali kila kitu. Anataka familia ya kabichi: kabichi, sukuma wiki, kale, brokoli, koliflawa, figili, haradali. Mimea hiyo ina ule ukali unaokupanda puani ukila haradali, na ukali huo uliowekwa kufukuza wadudu ndio unaomwita huyu. Ukimkuta kiwavi kwenye nyanya au maharage, tafuta jina jingine.

MSAFIRI KAMA SISI

Nilipomtambua nilidhani nimekuta mwenyeji wa Lewisham. Kumbe naye mara nyingi ni wa kuja. Baridi ya Uingereza inawashinda wengi wao, kwa hiyo kila mwaka wapya hubebwa na upepo kutoka bara la Ulaya, wakivuka bahari na kamwili kale kasichofika sentimita moja. Mwaka 2016, mwishoni mwa Mei na Juni, walifika kwa wingi usio wa kawaida hata wakaingia kwenye magazeti, na watafiti wa Rothamsted, kituo cha kilimo kilicho kaskazini ya London, wakawaonya wakulima wa mboga.

Leo nondo huyu yuko karibu kila mahali duniani panapolimwa kabichi. Kwa hiyo hapana kitu cha ajabu kwamba kidudu kilekile kilikuwa kwenye kale yangu na kwenye kabichi za mama wiki ileile. Wa Lewisham hakutoka Taita, lakini alama zao ni zilezile, na chochote ninachojifunza nikiinama huku kinafaa kule.

KWA NINI DAWA KALI HAIKUTOSHA

Sasa turudi nyumbani. Nikiwa mtoto, kabla ya 2002, Jumamosi ilikuwa siku ya bomba. Mama alilibeba mgongoni, kitambaa kimefungwa puani, na sisi watoto tulimletea maji. Tulipiga dawa kila wiki. Ikishindwa, tulichanganya mbili. Ikishindwa tena, tulibadilisha duka. Jioni mama alilalamika kichwa na macho, na msimu ukiisha fedha zilizobaki hazikutosha. Lori likienda soko la Kongowea, Mombasa, na kabichi zetu, sehemu nzuri ya malipo ilikuwa tayari imemezwa na madeni ya dukani.

Hatukuwa wajinga. Tulikuwa tunapigana na mdudu anayejulikana duniani kote kwa kuzoea sumu. Mwaka 1953 iliripotiwa kutoka Java, Indonesia, kwamba DDT haimuui tena. Alikuwa wa kwanza kati ya wadudu wa mazao kuonyesha hilo. Hata Bt, dawa inayotokana na bakteria, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuizoea mashambani, na habari hiyo iliandikwa kutoka Hawaii mwaka 1990.

Jambo lenyewe si uchawi. Kati ya viwavi elfu moja, wachache wamezaliwa na uwezo wa kuhimili sumu fulani. Unapiga, wengine wote wanakufa, wale wachache wanabaki na kuzaana wao kwa wao. Mwezi ujao unapiga watoto wa waliopona. Mwisho wa mwaka shamba lako lina ukoo mzima wa waliopona, na dawa ileile imekuwa kama maji. Mwenye duka naye anakuletea nyingine "kali zaidi". Kibaya zaidi, sumu hiyo imeua nyigu na buibui ambao wangekusaidia bure.

NYIGU WA WERUGHA

Hapa pana historia ambayo sisi Waafrika Mashariki tulio ng'ambo tunapaswa kuijua. Profesa Thomas Odhiambo, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1931, alisoma Makerere kisha akaja Uingereza, Chuo Kikuu cha Cambridge, akasomea wadudu. Alirudi Kenya, na mwaka 1970 akaanzisha icipe, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu chenye makao yake Nairobi. Alifariki mwaka 2003. Alikuwa mwanafunzi kama sisi, kwenye baridi hii hii.

Watafiti wa icipe waliuliza swali tofauti na letu. Sisi tuliuliza, dawa gani inamuua? Wao waliuliza, nani anamla? Nyigu wa kienyeji walikuwepo lakini hawakutosha. Kwa hiyo mwaka 2001 waliagiza kutoka Taiwan, kwenye kituo cha utafiti wa mboga, nyigu mdogo mweusi aitwaye Diadegma semiclausum. Baada ya kumchunguza, mwaka 2002 wakamwachilia sehemu mbili za Kenya: Tharuni kule Limuru, na Werugha, milima ya Taita. Werugha si mbali na kwetu. Nilikuwa darasa la tano, na nakumbuka wazee wakicheka kwamba serikali imekosa la kufanya, sasa inaleta nyigu.

Nyigu huyo haumi watu. Jike hutafuta kiwavi cha nondo wa kabichi, humchoma na kuweka yai moja ndani yake. Kiwavi huendelea kula kama kawaida, lakini ndani mtoto wa nyigu anamla. Kiwavi hufika mpaka hatua ya kufuma wavu wake wa kujifungia, halafu mwisho wake unafika, na ndani ya wavu uleule nyigu anafuma kifuko chake. Kwa hiyo badala ya nondo, anatoka nyigu mwingine.

Anapenda baridi ya nyanda za juu, ndiyo maana Taita na Limuru zilimfaa. Kwa maeneo ya chini yenye joto, icipe ilitumia nyigu wa aina nyingine kutoka Afrika Kusini. Nyigu wa Werugha alipelekwa pia Tanzania na Uganda. Watafiti waliporudi kupima katika miaka iliyofuata, idadi ya viwavi kwa kila mche ilikuwa imeshuka sana, na nyigu walikuwa wamesambaa wenyewe hadi mashamba ambako hakuna aliyewaachilia. Kwetu Jumamosi ya bomba ilianza kurukwa, kwanza mara moja moja, halafu mwezi mzima. Sisi watoto tulifurahi tu kwamba hatubebi maji. Sababu yake nimekuja kuielewa nikiwa London!

PICHA ZA MDOGO WANGU

Basi nikampigia mdogo wangu. Nikamwambia sijakataa kutuma, lakini kwanza afanye kazi moja: ageuze majani ya miche kumi sehemu mbalimbali za shamba, si pembeni tu, na kila akiona wavu mdogo wenye pupa aupige picha.

Alinuna. "Kaka, mimi nakuomba dawa, wewe unataka picha?" Mama naye akachukua simu: "Mwanangu, sasa unanifundisha kabichi ukiwa London?" Nilinyamaza. Hapo pana aibu kidogo, jamani. Mimi ndiye niliyeondoka, yeye ndiye anayeinama kila siku. Nikamwambia, "Hapana mama, naomba tu tuangalie pamoja." Akacheka, akamrudishia simu mdogo wangu.

Kesho yake picha zikaja kwenye WhatsApp, ishirini na tatu. Nyingine hazikuonyesha kitu isipokuwa kidole chake, lakini pupa zilizoonekana vizuri zilikuwa kumi na moja. Sasa kumbukeni lile neno. Pupa ya nondo imechongoka ncha zote, na ndani ya wavu unaiona ikiwa kijani au kahawia nyepesi. Kifuko cha nyigu wa Werugha, ingawa kimo ndani ya wavu uleule, kimekuwa butu pande zote mbili, kama pipa dogo la kahawia. Nilizipanua picha moja moja. Nne zilichongoka. Saba zilikuwa mapipa.

Saba kati ya kumi na moja! Maana yake ni kwamba nyigu walikuwa tayari kazini. Kama angepiga dawa kali wiki hiyo, angewaua nyigu pamoja na viwavi, na viwavi waliozoea sumu ndio wangebaki peke yao, bila wa kuwala.

Lakini kusema ukweli sikulala vizuri. Kumi na moja ni chache, na mimi niko mbali. Nikikosea, kabichi zinakwisha na karo inakosekana, na lawama ni yangu kwa haki. Tulikubaliana hivi: wasubiri wiki mbili. Mdogo wangu ageuze majani miche kumi kila siku tatu, ahesabu viwavi na aniandikie. Viwavi wakizidi, nitatuma pesa siku hiyohiyo, lakini kwa dawa ya Bt au ya mwarobaini, ambazo humdhuru nyigu kidogo kuliko zile kali. Na ile dawa "mpya" asinunue kabla hajaniandikia jina lililo kwenye kibandiko.

Hesabu ya kwanza ilikuwa viwavi thelathini na nane kwenye miche kumi. Ya pili arobaini na moja, na hapo nusura nitume. Ya tatu ishirini na sita. Ya nne kumi na tisa. Ya tano tisa. Majani ya nje yaliharibika na mama aliyabandua wakati wa kuvuna. Vichwa kadhaa vilikwenda kwa ng'ombe. Vilivyobaki vilipanda lori la Mombasa, na mtoto hakurudishwa kwa karo muhula ule. Ile elfu nne niliituma hata hivyo, mama akanunulia mbolea.

Sidai kwamba nyigu watatosha kila msimu. Ukame mkali unaweza kumpendelea nondo, na jirani akipiga sumu nyigu wako pia wanakufa. Ninachodai ni kidogo: tulijua tunapigana na nani kabla ya kununua silaha.

KAZI YA KUFANYA

Somo lisilo na zoezi husahaulika, kwa hiyo chukueni hili kabla ya toleo lijalo.

Kwanza, usiku mmoja usio na upepo kati ya Juni na Agosti, tundika shuka jeupe nje na uliangazie taa. Kumbuka kwamba Juni jua la London linazama saa tatu na robo usiku na ushee, kwa hiyo usitoke mapema. Piga picha kila nondo anayetua, kwa juu na kwa ubavu. Asiye na bustani awaangalie wale wanaokaa ukutani karibu na taa ya mlango asubuhi.

Pili, kwa kila mmoja andika ukubwa, umbo akiwa ametua, vipapasio vinaelekea wapi, na mmea ulio karibu. Usiandike jina kabla hujaandika hayo manne. Mwenye mwezi wa mapumziko na aende pia makumbusho ya viumbe yaliyoko South Kensington, kuingia ni bure, akaone wadudu waliopangwa vizuri.

Tatu, na hili ndilo kubwa: wiki hii ukipiga simu nyumbani, muulize mzazi au ndugu anayelima ni mdudu gani anamsumbua, na umwombe picha ya chini ya jani. Mimi nilijua bei ya kila gunia la mama kwa miaka, lakini mdudu aliyekuwa akila faida yake nilikuja kumfahamu nikiwa na glasi ya chai mkononi, Lewisham. Kama una picha na huna jina, niletee kwenye mkutano wetu. Tutaipanua kwenye simu tuhesabu vipapasio pamoja.